Kichocho cha Tumbo (2): Umemeza Dawa, Damu Bado Inasema Unacho

Wiki iliyopita tulieleza jinsi kichocho kinavyotoka kwa konokono na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayevuta nyavu ziwani. Leo tuzungumze na waliokwisha kutibiwa.

Mtu wa Ujiji au Kibirizi, mjini Kigoma, amemeza prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wake. Miezi sita baadaye anapimwa damu, majibu yanarudi chanya. Anaona dawa imeshindwa. Mara nyingi haikushindwa.

Kipimo hicho hakitafuti minyoo, kinatafuta kingamwili ambazo mwili ulizitengeneza kupambana nayo. Hizo hubaki kwenye damu miaka kadhaa baada ya minyoo kufa, kama kovu la kidonda kilichopona. Kwa mgeni ambaye hajawahi kugusa maji yetu, kipimo hiki kina faida kubwa. Kwa aliyekulia ufukweni hakiwezi kutenganisha ugonjwa wa leo na wa utotoni.

Ushahidi uko chooni. Kwa njia ya Kato-Katz, mtaalamu wa maabara huchuja choo, hukishindilia kwenye tundu la kibao linalopokea miligramu 41.7, hukifunika kwa selofani iliyolowekwa gliserini, kisha huhesabu mayai kwa hadubini. Yai la kichocho cha tumbo hulijua kwa mwiba wake wa ubavuni. Kipande hicho ni kidogo mno, na mwenye mayai machache huweza kuambiwa hana kitu. Ndiyo maana nasisitiza apeleke choo cha siku mbili au tatu. Kipo pia kipimo cha mkojo, kinachonasa kile minyoo hai inachotema. Ikifa, alama hiyo hufifia baada ya wiki chache.

Wanaohitaji zaidi kulijua hili ni ndugu zetu Wakongo waliohamia Marekani kutoka Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa Kasulu mwaka 1996. Wakimbizi kutoka ukanda wetu walipewa prazikwanteli kabla ya safari. Daktari wa huko akikuta kingamwili, aambiwe dawa ilimezwa lini.

Lakini mayai yakionekana kweli, tusiilaumu dawa haraka. Prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa, michanga huponyoka, kwa hiyo huenda dozi ya pili ikahitajika baada ya wiki sita hadi nane. Na mvuvi aliyetibiwa Jumatatu, Jumanne yumo tena majini.

Wiki ijayo: ini na bandama vinapovimba.