Msambazaji wa Nyimbo Hutazama Nini?

Zamani mwimbaji wa Uganda aliyetaka sauti yake isikike mbali alihitaji santuri, na santuri haikufika dukani pasipo mfanyabiashara wa kuichukua. Siku hizi wimbo hupita katika simu, lakini mtu yule wa katikati hakuondoka. Mwanamuziki asiye na kampuni ya kumsimamia hawezi kuupeleka wimbo wake Spotify au Apple Music kwa mkono wake mwenyewe. Hana budi kupitia kwa msambazaji.

Wasambazaji ni wa namna mbili. Wengine, kama DistroKid, hupokea karibu kila mtu, mradi alipe ada ya mwaka. Wengine huchagua. Hawa huchukua fungu la mapato, kwa hiyo wimbo usiposikilizwa nao hawapati kitu. Mwanafunzi mwenye gitaa na ajitayarishe kwa hawa wa pili.

Wengi wetu hudhani kwamba msambazaji hutafuta sauti tamu. La, sauti tamu anazo tele. Hutafuta mtu ambaye tayari anao wasikilizaji, hata wakiwa wachache, tena wanaorudi. Tazama habari za Eddy Kenzo. Mwaka 2014 watoto wa Ghetto Kids wa Kampala walicheza wimbo wake «Sitya Loss», na picha zao zikaenea mitandaoni dunia nzima. Mwaka uliofuata alipata tuzo ya BET huko Marekani, na mwaka 2022 akawa Mganda wa kwanza kuteuliwa kugombea Grammy. Watu walimfuata kwanza, wakubwa wakaja baadaye. (Jina la wimbo huo maana yake ni «siogopi hasara»!)

Hapa ndipo vijana wengi hunaswa. Wako watu wanaouza hesabu ya wasikilizaji: unalipa jioni, asubuhi wimbo umepigwa mara elfu hamsini. Msambazaji hugundua upesi, maana tangu mwaka 2024 Spotify huwatoza fedha wasambazaji wanaoleta nyimbo zenye wasikilizaji wengi wa bandia. Atakutazamaje basi, ikiwa utamtia gharama? Wimbo waweza kuondolewa, na nyimbo zako nyingine pamoja nao. Ni kweli kwamba Spotify hailipi wimbo ambao haukupigwa mara 1,000 katika miezi 12, na kiasi hicho humtisha anayeanza. Lakini wasikilizaji mia tatu wa Mbale na Gulu, unaoweza kuonyesha wanatoka wapi, wana thamani kuliko laki moja wasiokuwapo.

Jambo la pili ni mwenye wimbo. Kijana huokota mdundo mtandaoni, akauimbia, akausahau mwenyewe. Mwenyewe hasahau. Tena bendi ya watu wanne hurekodi kwa furaha bila kuandika nani atapata kiasi gani, na fedha zikija, ndugu hawasalimiani. Andikeni mapema, mtie sahihi wote. Msambazaji haogopi wimbo mbaya kama anavyoogopa wimbo wenye ugomvi.

Mengine ni ya usafi wa kazi tu: faili ya WAV, si ile iliyotumwa kwa WhatsApp, jalada la mraba la pikseli 3,000 kila upande, jina lako kwa tahajia moja kila mahali. Peleka wimbo wiki kadhaa kabla ya siku ya kuutoa, kwa maana wahariri wa Spotify wataka kuarifiwa angalau siku 7 mbele. Barua yako iwe fupi.

Ukikubaliwa, soma mkataba unadumu miaka mingapi. Weka pia namba ya ISRC, yenye herufi na tarakimu 12, ambayo kila rekodi hupewa. Ukihamia kwa msambazaji mwingine, nenda nayo. Fedha za nyimbo zinazopigwa redioni na hotelini msambazaji hazikusanyi. Kwa hizo, mwanamuziki wa Uganda hujiandikisha UPRS.