Gari Kongwe na Oili ya Giaboksi

Miongoni mwa mambo yanayowatia mashaka wenye magari makuukuu, machache yamezungukwa na hofu kama kubadilisha oili ya giaboksi ya otomatiki. Aghalabu mtu hununua Toyota Premio au IST iliyokwisha tumika Japani kwa miaka mingi, akaiendesha kwetu miaka mingine kadhaa pasipo kujua oili ile ilitiwa lini. Na siku amwulizapo fundi, huambiwa aiache kama ilivyo, kwa maana oili mpya huiua giaboksi ya zamani. Wenye kauli hii si wajinga, kwani wameyaona kwa macho yao magari yaliyobadilishwa oili juma hili na juma la pili yakashindwa kupanda mlima.

Ili kauli hiyo ipimwe kwa haki, sharti ijulikane kazi ya oili yenyewe. Katika injini oili hulainisha na kupoza. Katika giaboksi ya otomatiki hufanya hayo na zaidi, kwani ndiyo ipokeayo nguvu ya injini ndani ya tokonveta na kuipeleka mbele, ndiyo ambayo kwa msukumo wake vali husogea na pleti za klachi hubanwa, na ndiyo iamuayo pleti hizo zishikane kwa ulaini au kwa ukali. Kwa hiyo mchanganyiko wake ni wa hesabu nyembamba mno, hata kule Marekani, ambako giaboksi ya Hydra-Matic ilianza kuuzwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, mafuta ya nyangumi yalitumika miaka mingi katika oili za namna hii, mpaka sheria za kuwahifadhi wanyama hao zilipoyakomesha katika miaka ya 1970.

Adui wa oili hii ni joto. Yakadiriwa kuwa kila joto linapozidi kwa nyuzi 10, kasi ya kuharibika kwake hukaribia kuwa maradufu. Na gari lisimamalo kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam wakati wa adhuhuri haliwi na fursa ya kupoa. Baadhi ya watengenezaji husema oili yao hudumu maisha ya gari, walakini maisha waliyoyahesabu wao si yale ya gari lililofikia mikono ya mmiliki wa tatu.

Ndani ya kauli ya mafundi mna ukweli. Pleti zilizolika huacha ungaunga ndani ya oili, na unga ule huzisaidia pleti kidogo kushikana. Tena mashine ya kusukuma oili kwa nguvu yaweza kubandua uchafu uliotulia na kuupeleka kwenye vijia vyembamba vya vali. Lakini sababu kubwa kupita hizo ni kwamba wengi hawaikumbuki oili mpaka gia zianze kuteleza; na kama vile mgonjwa apelekwaye kwa tabibu akiwa mahututi, akafa baada ya kunywa dawa, jamaa hudai dawa ndiyo iliyomwua, ndivyo oili mpya ibebavyo lawama ya madhara yaliyotangulia.

Rai yangu ni kwamba maadamu giaboksi ingali nzima, oili ibadilishwe, hata kama haikupata kubadilishwa kabisa. Kijiti cha kupimia kichomolewe, tone lidondoshwe juu ya karatasi nyeupe: ikiwa oili imegeuka rangi ya hudhurungi lakini hainuki kuungua, na gia huingia bila kuchelewa, fundi afungue nati ya chini, aiache itiririke yenyewe, asafishe chujio na sumaku, kisha atie kiasi kilekile kilichotoka. Kitakachotoka hakifiki nusu, madhali nyingine hubaki ndani ya tokonveta. Basi kazi hiyo irudiwe baada ya kilomita elfu chache, na giaboksi ipokee oili mpya kidogo kidogo. Tope laini la kijivu juu ya sumaku si la kutisha. Vipande vya chuma ni habari nyingine.

Pale ambapo oili ni nyeusi, yanuka moshi, na injini yavuma ilhali gari haliendi, fedha ya oili ni heri iwekwe akiba ya kufumua giaboksi, au ya kununua nyingine iliyotumika huko Gerezani, Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga, Nairobi.

Na aina ya oili isifanyiwe mzaha. Premio za kizazi kilichoanza mwaka 2007 zina giaboksi ya CVT, yenye mkanda wa chuma uzungukao kati ya puli mbili, nayo huhitaji oili yake mahsusi. Ukitia ile ya otomatiki ya kawaida, mkanda huteleza na kuzichuna puli. Soma kitabu cha gari au maandishi ya kijiti, nunua dukani wewe mwenyewe, na kopo lifunguliwe mbele yako. Kisha, kwa gari lenye kijiti, kipimo cha mwisho kichukuliwe injini ikiwa ya moto na ikiunguruma, gia ikiwa kwenye P.