Picha ya Kifua Yasema Nini?

Askari mwenye kikohozi kisichokoma aghalabu hupigwa picha ya eksirei, kisha akarudi nyumbani na bahasha kubwa mkononi asijue kilichomo. Yafaa yeye na jamaa zake wafahamu japo kidogo.

Mionzi hiyo iligunduliwa mwaka 1895 na Wilhelm Röntgen, mtaalamu wa fizikia wa Ujerumani. Hupenya hewa kwa urahisi, lakini huzuiwa na mfupa. Kwa hiyo mapafu, yaliyojaa hewa, huonekana meusi. Mbavu na moyo huonekana vyeupe. Picha husomwa kana kwamba mgonjwa amekuelekea: upande wake wa kulia uko kushoto kwako.

Daktari hulinganisha pafu na pafu. Wingu jeupe katika sehemu moja humfanya ashuku nimonia, kwa kuwa vifuko vya hewa vimejaa majimaji na usaha. Weupe uliotuama chini, ukiifuta pembe kali iliyo baina ya mbavu na kiwambo, huashiria maji yaliyokusanyika nje ya pafu. Weusi mtupu pembezoni, usio na mishipa ya pafu, huonyesha kuwa hewa imetoroka na kulisinyaza pafu. Jambo hilo huweza kufuatia jeraha la kifua, na likizidi huhatarisha maisha mara moja.

Kifua kikuu hupenda sehemu ya juu ya mapafu, kikiacha mabaka na pengine matundu. Walakini picha peke yake haikati shauri. Saratani au kovu la zamani huweza kufanana nacho. Tena mwenye virusi vya ukimwi huweza kuwa nacho bila picha kuonyesha dalili hizo. Ndiyo sababu makohozi nayo hupimwa.

Ndugu msomaji, usifiche kikohozi kwa kuogopa kuitwa mlegevu. Katika chumba kimoja cha kambini wanalala mke na watoto, nao huvuta hewa uliyoikohoa. Kikohozi kikitimiza majuma mawili, nenda zahanati. Tiba ya kawaida ya kifua kikuu huchukua miezi sita, nayo haifai kukatizwa hata ukijiona umepona. Mama mjamzito amwarifu mpiga picha kabla ya kupigwa.

Na ile bahasha msiitupe. Siku nyingine daktari ataitazama, apate kutenga kovu la jana na ugonjwa wa leo.