Keja ya mabati, taa za kishua

UKIINGIA keja nyingi za Kibera au Kawangware usiku, utakuta balbu moja ikining'inia katikati ya chumba cha futi 10 kwa 10. Inamulika utosi wa mwenyeji, pembeni kote ni kivuli. Mwanafunzi anayesoma kitandani anajikinga mwanga kwa kichwa chake mwenyewe.

Taa ya ukutani hutatua shida hiyo, na huhitaji kuwa na hela za watu wa Lavington, hapo ng'ambo tu ya Kawangware. Toboa kibuyu matundu madogo, tia balbu ndani, na ukuta mzima utajaa nyota. Kiondo kikuukuu nacho hugeuka kifuniko cha taa. Kibera kuna mafundi wanaochonga bangili na hereni kwa mifupa na pembe za ng'ombe. Pembe ikisuguliwa hadi ikawa nyembamba, hupitisha mwanga wa rangi ya asali. Vikapu vya bei poa tafuta Toi Market, vifaa vya stima panda hadi Luthuli Avenue.

Siri ni kumulika ukuta, si macho. Mwanga ukigonga ukuta mweupe na kurudi, chumba huonekana kipana. Chagua balbu iliyoandikwa 2700K au 3000K, yenye mwanga wa manjano unaotuliza.

Tokeni je? Balbu ya LED ya wati 9 hutoa mwanga unaokaribia ule wa balbu ya zamani ya wati 60. Ukiiwasha saa 5 kila usiku kwa siku 30, inakula uniti 1.35. Ile ya zamani ingekula uniti 9. Isitoshe, balbu ya zamani huchemka na inaweza kuunguza kiondo chako.

Sasa tuongee ukweli. Stima ya Kenya ni volti 240, na mabati hupitisha umeme. Waya uliochubuka ukigusa ukuta, ukuta wote unaweza kuwa na stima, na jirani anayeegemea upande wa pili hana habari. Ukiwa umeunganishiwa stima ya sambaza, hatari ni maradufu kwa sababu mara nyingi hakuna swichi ya kukata umeme mambo yakiharibika. Usipigilie msumari juu ya waya, na taa iwe mbali na pazia au katoni za ukutani.

Kama nyumba ni ya mabati, njia salama zaidi ni utepe wa LED wa USB. Unatumia volti 5 tu, kutoka kwa pawabenki au chaja nzuri ya simu. Unaubandika nyuma ya kibuyu, basi. Na landilodi akipandisha kodi, unabandua taa yako na kuhama nayo.