Magodauni ya Relini Korogwe: Kabla Hatujauza Mabati, Tujue Yalikuwa ya Nini

Hapa Korogwe kuna ubishi hauishi kuhusu magodauni ya zamani kando ya reli. Wenzangu wengi wanasema ni makorokoro tu, bora mabati yang'olewe yauzwe skrepa. Sawa, lakini kwanza tujue yalifikaje hapo.

Tuanze na reli. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893. Ikafika Muheza 1896, kampuni ikaishiwa hela, serikali yao ikaichukua 1899. Korogwe ikafika 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Mwaka huo huo wa 1893 ndipo miche ya mkonge ya Dk. Richard Hindorf ilipoingia nchini kutoka Florida. Aliagiza 1,000, ikafika hai 62 tu! Mashamba yote unayoyaona kuanzia Ngombezi mpaka Hale yana asili hapo.

Sasa godauni linaingiaje? Jani la mkonge ni zito, lakini katani inayotoka humo ni kama asilimia 4 tu. Kwa hiyo jani linasagwa shambani kwenye korona, katani inaanikwa, inapigwa brashi, halafu inashindiliwa kuwa robota la kilo 250. Robota hilo huwezi kuliacha linyeshewe mvua likisubiri behewa. Ndiyo maana ghala la namna hii hukaa ubavuni mwa reli, na sakafu yake huinuliwa ilingane na ya behewa. Robota linasukumwa tu, halibebwi juu juu. Safari inayofuata ni bandari ya Tanga, kisha Ulaya.

Na nani alikuwa anasukuma? Manamba. Jina lenyewe linatokana na namba waliyopewa badala ya kuitwa majina yao. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha ofisi yao, SILABU, ya kuwasomba watu kutoka Songea, Kigoma na kwingineko. Babu yangu mzaa mama alikuja hivyo kutoka Songea na hakurudi tena. Ndiyo maana mimi naitwa mtu wa Korogwe, na najua wengi mnaosoma hapa mko kama mimi.

Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 200,000. Baadaye kamba za nailoni na plastiki zikashusha bei, 1967 mashamba mengi yakataifishwa, uzalishaji ukaporomoka. Miaka ya 1990 ulikuwa chini ya tani 40,000. Treni nayo ikapotea. Magodauni yakabaki na popo.

Lakini mwaka 2019 treni ilirudi kwenye reli hii, ya mizigo na ya abiria mpaka Moshi. Yaani kumbe kitu tulichosema kimekufa kilikuwa kimelala tu!

Msimamo wangu ni huu: bati likiuzwa, hela inaisha wiki moja. Godauni likikarabatiwa linaweza kuwa soko, karakana ya vijana, hata sehemu ya kuhifadhi mahindi. Na ukutani tuandike walikotoka waliosukuma yale marobota, maana wao mashamba yaliwaandika namba tu.

Wadau mnasemaje? Kama una mzee nyumbani aliyefanya kazi relini au kwenye mkonge, muulize leo leo, halafu utuletee hapa alichokwambia.