Mchora Picha Aliyeonyesha Kazi Isiyoonekana

Kazi ya mama nyumbani ina sehemu mbili. Ya kwanza huonwa na watu wote: kupika, kufua, kufagia, kuogesha watoto. Ya pili haionwi na mtu, nayo ni kukumbuka. Ni nani anayekumbuka kwamba chumvi imebaki kidogo, kwamba kesho mtoto atachanjwa, kwamba viatu vya mkubwa vyambana na vitamfaa mdogo wake? Kazi hiyo haina saa ya kuanza wala saa ya kwisha, nayo huchosha kama kubeba maji.

Mwaka 1984, Mfaransa Monique Haicault, mwenye elimu ya maisha ya watu, aliandika juu ya mzigo huo wa akili. Lakini maandiko ya wataalamu husomwa na wachache.

Mwezi wa Mei 2017, mwanamke mwingine wa Ufaransa, ajulikanaye kwa jina la Emma, aliieleza habari hiyo kwa picha. Yeye hakuajiriwa na gazeti lolote. Alikuwa injinia wa kompyuta. Alichora mwenyewe, akaandika maneno mwenyewe, kisha akazitoa picha zake katika intaneti pasipo kungoja mchapishaji. Aliziita „Fallait demander”, maana yake, „Ungeniomba”.

Picha zenyewe ni nyepesi. Mgeni amekuja kula kwa mwenzake wa kazini. Mama wa nyumba analisha watoto na kupika pamoja, hata chungu kinafurika. Mumewe anakuja mbio na kumlaumu. Mama anasema kwamba kazi zote zimemwangukia yeye. Mume anajibu kwamba angeombwa, angesaidia. Bwana huyo si mtu mbaya. Ila anayengoja kuagizwa amemwachia mwenziwe kazi ya kuwaza, na kuwaza ni kazi.

Picha hizo zilienea upesi sana. Wake wengi walijiona humo kama katika kioo. Waume wengine walikasirika. Baadaye zikachapwa kitabuni, na mwaka 2018 zikatolewa katika kitabu cha Kiingereza.

Na sisi katika Kongo hatukosi wachoraji wa namna hiyo. Huko Kinshasa, Papa Mfumu'eto alijitolea mwenyewe vijitabu vyake vya picha kwa Kilingala katika miaka ya 1990, navyo viliuzwa barabarani. Kwa hiyo, kijana mwenye kipaji asidhani kwamba lazima kwanza apate bwana wa kumwajiri. Mambo ya kuchora yamo jikoni kwa mama yake.

Lakini achoraye peke yake hana mtu wa kumzuia mkono. Chozi la dada, deni la baba, ugomvi wa usiku: je, ni mali yake kuvitangaza? Mtoto anayechorwa leo atasoma kesho. Emma alionyesha kosa linalopatikana katika nyumba nyingi, asimwaibishe mtu mmoja kwa jina lake. Mchoraji mwema na afuate njia hiyo: kwanza awaonyeshe watu wa nyumbani, kisha ulimwengu.

Nanyi akina baba, jioni ya leo msiulize, „Nisaidie nini?” Tazameni chungu, tazameni mtungi, tazameni daftari la mtoto. Macho mnayo.