Maneno ya Kuchoma Nyama na Safari Yake Hadi Kisangani

Mtu aishiye ugenini huikumbuka nchi yake kwa kinywa: kwa lugha asemayo na kwa chakula alacho. Mwargentina aliye mbali na kwao hukusanya marafiki, huwasha kuni, huzingoja ziwe makaa, kisha hutandaza nyama yenye chumvi juu ya wavu wa chuma na kuiacha iive polepole. Shughuli hiyo huitwa asado, neno linalotaja nyama na pia kikao chenyewe. Na desturi yataka walaji wampigie makofi aliyechoma. Marafiki wageni waliokaa naye huondoka na vitu viwili, ladha na neno. Makala haya yanaeleza jinsi maneno ya Kiswahili ya nyama ya moto yalivyosafiri kwa njia iyo hiyo, na jinsi mwalimu wa Kisangani apasavyo kuyapokea.

Kwanza, kitenzi chenyewe. Kuchoma kuna maana mbili: kutoboa kwa kitu chenye ncha, na kuunguza kwa moto. Nyama ya kijiti huchomwa mara mbili, kwanza kwa kijiti, kisha kwa makaa.

Pwani, nyama hiyo huitwa mishkaki. Neno hili lina asili ya Kiarabu, na hata leo huko Oman nyama ya namna hiyo huitwa mishkak. Lilipoingia katika Kiswahili, silabi yake ya kwanza ilisikika kama kiambishi cha wingi, mi-. Hivyo wasemaji wakajipatia umoja, mshikaki, mfano wa mti na miti. Mgeni alipewa kiti miongoni mwa wenyeji, akafuata adabu ya nyumba.

Kenya nako kukazuka nyama choma, fungu lisilofuata kanuni ya vitabu, ambayo ingedai nyama ya kuchoma au nyama iliyochomwa. Hata hivyo fungu hilo limeenea, na kama asado, hutaja chakula pamoja na matembezi ya marafiki. Uganda, neno mchomo limekuwa muchomo, hata kwa watu wasiosema Kiswahili nyumbani.

Kisangani ni njia panda. Kiswahili kilifika huko kwa misafara iliyotoka mashariki; mwaka 1887 Tippu Tip aliteuliwa kuwa liwali wa Stanley Falls. Lingala ilipanda mto kutoka magharibi, pamoja na askari na mabaharia wa meli. Mwanafunzi atokaye Bukavu kuja kusoma katika chuo kikuu cha mji huo, kilichoanzishwa mwaka 1963, hukuta maneno mapya penye moto wa jioni. Aliyemzoea mbuzi husikia ntaba. Nyama ya vijiti huitwa kamundele. Samaki aliyefungwa majanini na kuivishwa juu ya makaa huitwa liboke. Baada ya kula na wenzake mara kadhaa, huagiza kwa maneno yao bila kufikiri.

Tatizo huanza darasani. Mwanafunzi akiandika kwamba nyama iliiva juu ya makala, aghalabu kalamu nyekundu humwandikia makaa, na pembeni hudokezwa kwamba makala ni maandishi ya gazetini. Kosa hapa si la mwanafunzi peke yake. Makala ya maandishi ni neno la Kiarabu. Makala ya moto ni neno la Kibantu, lile lile ambalo pwani lilipoteza sauti l likawa makaa. Kongo imeihifadhi sauti hiyo. Anayeliita neno hilo Kiswahili kilichoharibika anafuta umbo lililo kongwe kuliko lile analofundisha.

Hivyo basi, haifai mwalimu aache kufundisha makaa na mishkaki, kwa maana mwanafunzi atayahitaji Dar es Salaam, Nairobi na katika mtihani. Linalofaa ni kumweleza kila neno limetoka wapi na linatumika kwa nani. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba neno la mama yake ni kosa hunyamaza darasani. Aliyeonyeshwa asili yake huongeza la pili juu ya la kwanza. Penye moto hakuna anayemfukuza mgeni kwa sababu ameiita nyama kwa jina la kwao. Husogezewa kigoda, akapewa kijiti chake, na kabla ya usiku kwisha wote wamejua majina mawili.